Kitabu cha Mama Hoza

Kusomewa ni kulishwa, kusoma ni kula. Mmemsikia shangazi yenu akiisema methali hii, nanyi mnataka kujua imetoka wapi. Basi, ilizaliwa hivi.

Korogwe alikuwapo mwanamke aitwaye Zawena, mpenzi mkubwa wa hadithi. Presha ya macho ilipompofusha, mumewe, Mzee Shemweta, akawa anamsomea kila alasiri. Mtoto wao wa pekee, Hoza, alikufa kwa homa akiwa mdogo, lakini wao waliendelea kuitana Mama Hoza na Baba Hoza.

Kitabu alichokipenda Zawena kilimhusu mjane na mwanawe mgonjwa. Shemweta alipokisoma, mtoto alipona. Zawena akafurahi, akawa anaomba asomewe tena na tena.

Baadaye mwalimu wa wasioona akamfundisha nukta nundu, maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa jembe, vikachelewa kutii, lakini hakuacha. Alipoweza, mwalimu akamletea kitabu kilekile.

Shemweta alipokiona, akanywea. "Hicho unakijua, Mama Hoza. Tuombe kingine."

"Nakitaka hiki."

Akasoma barazani, mumewe akimenya mihogo kando yake. Mara vidole vikasimama. Akaurudia mstari.

"Baba Hoza, mtoto huyu amekufa."

Shemweta akaweka kisu chini. "Alikufa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyemponya. Niliogopa utalia."

"Ningelia. Hata wetu sijapata kumlilia mbele yako. Kila nikianza, unageuza mazungumzo."

Zawena akaupapasa mkono wa mumewe, akaushika.

"Sikulaumu. Umenilisha samaki kama mtoto, ukinitolea miiba. Lakini mimi ni mtu mzima, mume wangu. Niachie miiba yangu."

Akaanza kuusoma upya ukurasa ule, safari hii kwa sauti, na Shemweta akasikiliza. Walipofika kwenye maziko walilia wote wawili. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wamzike, wakamzungumzia Hoza: kicheko chake, na jinsi alivyokuwa akimwagia kuku uji wake.

Shemweta hakuacha kumsomea mkewe magazeti, na mkewe alipenda kuisikia sauti yake. Ila jirani alipomuuliza kwa nini ahangaike na vidole ilhali mumewe ana macho, Zawena alimjibu kwa upole: "Kusomewa ni kulishwa, kusoma ni kula."