Kilemba cha Saumu na Mwavuli wa Rangi ya Boga

Hapo zamani, na msinitolee macho, zamani yangu mimi si ile ya wanyama kusema, ni ya juzijuzi tu, palikuwa na mji wa mkonge uitwao Kwemsala. Ndege za shamba zilitua pale kunyunyizia dawa. Kisha wakatokea watu wakawa wanazipanda ili wajirushe nje. Ndiyo, wajirushe! Kwa hiari yao! Mtu anatoka angani, anafungua mwavuli, anatua, anacheka, anapanda tena. Mimi nisingeshindwa, ila miaka hiyo goti lilikuwa likinisumbua.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mrukaji mgeni akishafuzu, anaacha miavuli ya mwalimu, anatafuta wake. Akitua salama kwa mwavuli wake wa kwanza, anamvika kilemba yule aliyemwezesha kutua. Asipotua salama, basi, sanda haina mjadala.

Alikuwapo binti mmoja, Saumu, yatima, amelelewa na shangazi yake Bi Mkejina. Saumu alifuzu. Na kilemba alikuwa nacho tayari, cha hariri, alichoachiwa na marehemu baba yake. Kilemba kimoja, cha kichwa kimoja. Hilo lishikeni.

Akaenda dukani kwa Shekiondo, muuza miavuli. Macho yakatua kwenye mmoja mdogo, mwekundu kama komamanga lililopasuliwa.

"Kaka Shekiondo, huu ndio wangu. Ufunge."

Shekiondo akajikuna. Alijua mwavuli mdogo una mbio, na mgeni akikosea kidogo haumsamehi. Alijua pia kwamba kumwambia Saumu "huuwezi" ni kumwagia moto mafuta ya taa. Na nyumbani kwake watoto walikuwa wakingoja unga. Hata hivyo akasema, "Umeshauzwa, dada."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu wa mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali sana, dada. Hata mimi sipajui."

Uongo mtupu! Saumu akalia, akafuta machozi, akaonyesha wa bluu, wa wastani. "Basi nipe huo. Mimi mwepesi, kama unyoya."

Bi Mkejina, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia. "Unyoya? Unyoya unaomaliza ugali wangu na kiporo cha asubuhi?"

"Shangazi, tafadhali."

"Tafadhali yako iko kwenye mizani!"

Akambebesha kila kitu cha kurukia, kofia ngumu, viatu, mzigo wa mgongoni, akamkokota mpaka penye mizani ya kupimia marobota ya mkonge. Akamtundika kwenye ndoano. Saumu akawa ananing'inia miguu juu juu, wafanyakazi wote wameacha kazi.

"Robota hilo la daraja gani, mama?" akauliza mmoja.

"La daraja la kwanza!" akajibu Bi Mkejina, akausoma uzito kwa sauti ambayo hata rubani aliisikia. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Na kati ya waliocheka alikuwapo kijana aliyekuwa akimletea Saumu salamu kila Ijumaa. Salamu zile hazikuja tena.

Waliporudi dukani, Shekiondo akatikisa kichwa. "Kwa uzito huo, wa bluu haufai. Labda huu." Akaburuta mwavuli mkubwa, kuukuu, wa bei ya chini, mpana kama paa la ghala, wa rangi ya boga lililolala.

"Nitaonekana boga linaloanguka!"

"Linalotua," akasema shangazi. "Polepole."

Saumu akauchukua kwa kununa. Akaupeleka kwa Semkiwa, fundi wa miavuli, mwenye majivuno kuliko mimi, na mimi mnanijua. Semkiwa akautandaza, akazipitisha kamba moja moja vidoleni. "Panya wamekula hapa. Na hapa. Ukiruka na hizi, utafika chini kabla ya mwavuli."

Lakini kamba mpya hakuwa nazo, na Saumu alikuwa anaruka kesho yake. Karakana ilikuwa na bunda moja tu, tena la amana: Shekiondo aliliweka pale, ni la mteja wake. Semkiwa hakuuliza mtu. Akachukua mkasi, akakata, akashona. Mteja alipokuja akakuta bunda limeliwa, akamtukana Shekiondo matusi ya nguoni, akahamia duka jingine.

Siku ya siku ikafika. Ndege ikapanda, Saumu akaruka. Mwavuli ukafunguka kwa kishindo, kamba zikakakamaa, zikalia, zikashika! Akaja, akaja. Alipokaribia chini, hofu ikamvaa. Vile vishikio vya kupunguza mwendo, vinavyovutwa viwili kwa pamoja, yeye akavuta kimoja, tena amechelewa. Tukafumba macho. Ule mwekundu ungempigiza chini kama nguo kwenye jiwe la dobi. Boga liliyumba tu, likajitikisa angani, likamkalisha kitako juu ya lundo la makapi ya mkonge, akadidimia humo.

Tukalikimbilia lundo.

Kisha ndani ya lundo ikatoka sauti: "Shangazi! Niko hai! Ila nawashwa!"

Ee! Bi Mkejina akalia na kucheka kwa pumzi moja, akamkumbatia pamoja na makapi yake, na yeye akaanza kuwashwa. Shekiondo akaketi palepale. Semkiwa akawa anabusu kamba. Mji mzima tukajikuna siku ile, na hakuna aliyelalamika.

Saumu akakitoa kilemba. Hapo ndipo raha ilipoingia mchanga.

"Ni changu," akasema Shekiondo. "Kama si uongo wangu, angeruka na ule mwekundu. Nimejinyima mauzo, na nimepoteza mteja."

"Ni changu," akasema Semkiwa. "Kama si mkasi wangu, boga lingekatika angani. Nimegusa amana ya watu kwa ajili yake."

"Ni changu," akasema Bi Mkejina, "na nitakifunga, atakayecheka acheke. Kama si mizani yangu, angeruka na ule wa bluu. Nimemwaibisha mwanangu mbele za watu, na bado hajanisamehe vizuri."

Saumu akamtazama huyu, akamtazama yule. "Mmoja kanidanganya, mmoja kakata mali ya watu, mmoja kanitundika kama robota. Na angekosekana hata mmoja wenu, ningekuwa maiti. Nimvike nani?"

Wakabishana mpaka makoo yakakauka. Mwisho wakasema kilemba kishikwe na mtu mwaminifu mpaka hukumu ipatikane. Wakanipa mimi. Ndicho hiki mnachokiona kichwani mwangu. Nakitunza tu, wala sina haraka. Lakini Saumu kesho anapita kukichukua, na mimi sina jibu.

Basi semeni ninyi: mwongo, mkata amana, au mwaibishaji? Je, nani alistahili?