Lori Lililoshindwa na Madumu Mawili

Wapendwa, nyinyi mnaosinzia kule nyuma, amkeni kidogo, maana asubuhi hii tunapanda mlima.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye lori dogo la kubebea maziwa. Lori lenyewe lilikuwa limetembea mpaka ile saa ya kuhesabu kilomita ikachoka, ikaacha kuhesabu. Lilikuwa la otomatiki, gia zinajibadilisha zenyewe, kazi ya mama ni kukanyaga mafuta tu. Kila asubuhi alikusanya madumu ya jirani zake na kuyapeleka kituo cha maziwa, juu mlimani. Kijiji kilimtegemea, naye alilijua hilo, akajivunia.

Siku moja, kwenye kona ya katikati ya mlima, injini ikanguruma weee, lori halisogei. Gia zilikuwa zinateleza. Mama akasubiri likapoa, likaenda. Je, alimwita fundi? Thubutu! Aliyemuuzia lori alimwambia giaboksi kuukuu haiguswi, ukiifungua umeiua. Basi akageuka, akayatazama madumu, akampata mkosaji wake. "Mzigo umezidi," akasema.

Kesho yake alimkuta babu mmoja kando ya barabara na dumu lake, kama kawaida.

"Shikamoo babu. Samahani, lori limezeeka, maziwa yako yananilemea."

"Marahaba mwanangu," babu akajibu. Akajitwisha dumu lake, akaanza kutembea.

Siku ile lori likapanda vizuri, mama akaimba njia nzima. Lakini wiki iliyofuata gia zikateleza tena. Akamwacha jirani wa ng'ambo ya mto, kisha mwingine, na mwingine, mpaka akabaki na wifi yake tu.

"Wifi, nawe utafute namna."

"Haya, wifi. Maziwa watayanywa wanangu mpaka waote pembe." Alicheka, lakini hakumtazama usoni.

Asubuhi ile mama akapanda na madumu mawili tu, ya ng'ombe wake mwenyewe. Mnajua kilichotokea? Kwenye kona ileile lori likagoma, likaanza kurudi nyuma! Akakandamiza breki, akachungulia kioo cha pembeni. Nyuma yake walikuwa wanapanda watu kwa miguu, madumu vichwani, babu akiwa mbele. Walipomwona wakatua mizigo yao, wakakimbia, wakatia mawe kwenye magurudumu. Wifi akazunguka mpaka dirishani.

"Pole, wifi. Leo nani kakulemea?"

Mama akalia kwa aibu, mbele ya watu wote aliowashusha.

Babu ndiye aliyekwenda kumwita fundi. Fundi akaingia chini ya lori, akamwaga oili ya giaboksi. Ikatoka nyeusi, inanuka kuungua, na chujio lake limeziba.

"Mama, hii ilibadilishwa lini?"

"Haijawahi. Niliogopa ukiifungua itakufa."

"Ilikuwa inakufa kwa kufungwa. Imeanza kulika ndani, sikufichi, lakini bado inashika. Umewahi."

Mnasikia, wapendwa? Umewahi!

Sasa sisi je? Baba anafoka nyumbani, anasema ni kelele za watoto. Kwaya inagombana, tunasema ni yule dada mgeni, aondoke tupumue. Tunashusha huyu, tunashusha yule, na kweli siku ya kwanza tunajisikia wepesi. Halafu kona ni ileile, tunarudi nyuma, na garini hayumo mwingine wa kumlaumu. Ugonjwa haukuwa kwa babu na dumu lake. Ulikuwa chini, ndani, pale tulipokataza pasiguswe.

Nawajua, mnaogopa. Mnadhani Bwana akifungua moyo wako atakuta umekwisha kufa. Ndugu yangu, rangi ya oili yako anaijua zamani! Hakuja kukutupa. Amelala chini ya lori lako na nguo zake nzuri, anakuambia bado unashika, niache nimwage hii chafu nitie safi.

Yule mama, lori lilipopona, aliamka mapema kuliko siku zote. Alikwenda moja kwa moja kwa babu, akateremka, akalipakia dumu lake kwa mikono yake mwenyewe, ndipo akawapitia wengine. Wakapanda mlima wote, madumu yamejaa hadi mlangoni, na ile kona wakaipita wanazungumza.

Nawe ukitoka hapa, utaanza kumpitia nani?