Pimbi wa Nguzo ya Mwisho

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wa wapi?

Wa penye nguzo na waya!

Haya, kaeni. Anayetafuna atafune kimyakimya.

Hapo kale, si kale sana maana umeme ulikuwepo, wanyama wa bonde moja walifunga mtambo mdogo wa umeme kwenye maporomoko ya maji. Nguzo ya kwanza ilikuwa kwa Kiboko. Nguzo ya mwisho, juu kwenye majabali, ilikuwa kwa Bi Pimbi, fundi mjane.

Kiboko alikuwa na friji tatu, feni sita na pampu ya kujimwagia maji mgongoni. Akiwasha, umeme wote unanywewa njiani: gudu, gudu, gudu! Kwa Pimbi taa inakonyeza mara moja, halafu zii.

Giza Pimbi alilizoea. Kilichomtesa ni simu. Mwanawe, Sanga, alihamia milima ya mbali, na simu ya mama ilikuwa imezima tangu masika. Kila siku Pimbi aliifuta vumbi, akaiweka sikioni. Zii. Hamu ya mwana haina dawa, jamani. 

Akamwendea Kiboko. "Bwana Mkubwa, tupeane zamu za umeme, kama za maji ya mfereji."

"Mwenye nguvu mpishe!" Kiboko akacheka, akawasha feni ya saba.

Pimbi akaenda zake. Alichimba vijifereji mchangani: hivi ndivyo waya. Akapanga vikombe vya udongo, vingi kwa Kiboko: hivi ndivyo nyumba. Maji ndiyo umeme. Siku nne akawa anamimina, anapima, anabomoa, anachimba tena. Mchangani ukikosea, hakuna nyumba inayoungua.

Siku ya tano ilikuwa siku ya kikao cha kugawana maji ya mfereji, na bonde zima lilikuwepo pale mchangani.

"Bwana Mkubwa, njoo tucheze! Mimi niwe wewe, wewe uwe mimi. Na desturi ni ileile ya mfereji: aliyekosa maji ndiye anayetunga zamu, na akishakanyaga tope mbele ya kikao, neno lake halirudi."

"Mchezo wa watoto huo!" Kiboko akaketi penye kikombe cha mwisho.

Pimbi akamimina. Chururu, chururu! Vikombe vya nguzo ya kwanza: gudu, gudu, gudu! Kikombe cha Kiboko: zii. Akamimina tena: zii. Mara ya tatu: zii.

"Wizi!" Kiboko akanguruma. "Kwani wa mwisho hana koo? Kila nyumba ipate zamu yake, anayezidisha akatiwe!" Akakanyaga tope: pwaa!

"Kikao kimesikia?" Pimbi akauliza.

"Kimesikia!"

Pimbi akatoa swichi aliyoiunda kwa vipimo vya mchangani, inayogawa zamu yenyewe, akaifunga kwenye nguzo ya kwanza.

"Lakini ule ulikuwa mchezo!" Kiboko akalia.

"Tope ni tope," kikao kikajibu.

Kwa Pimbi taa ikawaka, ikatulia. Hakuitazama. Alichomeka simu, akangoja, akapiga. Kriii. Kriii.

"Mama?" Sanga akasema. "Nilidhani umenichoka."

Pimbi, mwenye maneno ya tangu masika, alilia tu. Mwanawe akamsikiliza. Zamu ikaisha, taa ikazima, wala Pimbi hakujua.

Ngano yangu imekata waya hapo. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni. Na funzo lake, enyi wenye nguvu, ni hili: msikubali kamwe kukaa mahali pa mdogo, hata kwa mchezo. Mtasikia kiu yake.