Mfuko wa Yunisi

Mtu mmoja jina lake Yeremia alikuwa na mke, binti mmoja, na kuku wengi. Yeye na mkewe waliwafuga kuku hao pamoja kwa miaka mingi, wakawaelewa kuliko walivyoelewana. Ndoa ilipowashinda, kuku waligawanywa asubuhi moja bila kelele. Kumgawana binti, Yunisi, ndiko kulikowafikisha mbele ya serikali.

Serikali ikatafakari, ikaamua: wiki moja kwa mama, kwenye nyumba ya zamani, wiki moja kwa baba, kwenye chumba cha kupanga karibu na soko. Uamuzi ulikuwa na mihuri ya kutosha kuanzisha wilaya. Kila mzazi alipata haki yake. Yunisi hakuulizwa, kwa kuwa hakuwa na kitambulisho.

Basi mtoto akawa mtu wa mfuko. Viatu vya shule vikiwa kwa baba, soksi ziko kwa mama. Akiamka usiku, alipapasa ukuta akitafuta mlango uliobaki nyumba nyingine. Akaanza kunyamaza, na wazazi wote wawili wakausifu utulivu wake.

Ijumaa moja baba alikuja kumchukua. Akamkuta nyuma ya jiko na beseni, anataka kumbeba tetea wake mwekundu aliyekuwa ameatamia, aende naye, mayai na yote.

"Mwache hapo hapo, mwanangu," baba akasema. "Ukimhamisha saa hizi atayasusa. Yataviza yote."

Akageuka ghafla, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Mama alikuwa mlangoni, naye alisikia. Wakatazamana, jambo ambalo hawakulifanya hata mbele ya serikali.

Mama angeweza kumcheka, na angekuwa na haki. Badala yake aliuchukua mfuko, akamwaga nguo za mtoto kitandani, akapakia za kwake.

"Wiki hii lala hapa, Baba Yunisi. Mimi nakwenda kwa dada. Chumvi iko palepale."

Ijumaa iliyofuata baba akatoka na mfuko ule ule, mama akaingia. Hawakurudiana, majirani waliongojea harusi ya pili walichoka wenyewe. Siku nyingine walinuniana pale pale mlangoni. Lakini mfuko haukurudi tena mgongoni kwa mtoto, hata vifaranga walipokwisha kuwa majogoo.

Afisa wa ustawi wa jamii akaja kukagua. Alipokuta mtoto ametulia na wazazi ndio wanaohamahama, akauliza kwa wasiwasi hapa anayekabidhiwa ni nani. Akapekua kanuni zake, asione mahali panapokataza watu wazima kuchoka. Akanywa chai, akaaga. Yunisi akamsindikiza mpaka barabarani akimuuliza maswali mfululizo, hata afisa akajuta kuja kwa miguu.

Nanyi mnaovutania mtoto, kila mmoja na haki yake mkononi: huko kwenu, mfuko kaubeba nani?