Bwawa la Mwisho la Maji ya Muhogo

Mwenye usingizi alale sasa, maana kisa hiki hakimbembelezi mtu.

Kijijini Nang'undi waliishi watu watatu. Mchopa alijaliwa mikono: mwamba uliowashinda wenzake, yeye aliuchimba huku akiimba. Somoe alijaliwa subira, na pua iliyojua kilichochacha kabla hujafunua chungu. Bi Nandonde, mjane, alijaliwa moyo wa kutoa. Moyo huo haukumletea kheri, mtaona.

Mvua iliwasahau. Maji waliyoyaona ni yale yaliyomwagwa na kiwanda cha wanga wa muhogo tu, makali, yananuka, yanaua hata magugu.

Mchopa alichimba mabwawa ya kuyatuliza, na mfereji mpaka mashambani. Kazi ile ikamvunja mgongo, na leo anatembea kwa fimbo.

Somoe aliyachuja makapi, akatia majivu kupunguza ukali, akapanda matete bwawani, akangoja. Mumewe alisema hawezi kulala na mke anayenuka kiwanda. Akafunga mizigo yake, bwana mkubwa, akaenda zake.

Maji yalipokuwa meupe, nani athubutu kuyatia shambani kwake?

"Jaribuni kwangu," alisema Bi Nandonde.

Kumbe yalikuwa bado. Mtama wake wote uliungua, na mwaka ule wanawe walikula ming'oko, mizizi ya porini. Ila kwa hasara ile Somoe alijua majivu yaongezwe kiasi gani, na msimu uliofuata wote watatu walivuna.

Wakadhani wameokoka. Mwaka huu kiwanda kikafungwa. Mashine zikapakiwa kwenye malori, akabaki mlinzi na mbwa wake.

Sasa mtama unatoa masuke, na limebaki bwawa moja. Maji yake yanatosha shamba moja tu. Ukiyagawa, hakuna suke litakalokomaa popote. Mavuno ya shamba moja hayalishi nyumba tatu, na ghala zote ni tupu. Watakaokosa watahama, na sijui wataelekea wapi.

"Bila mfereji wangu mngeyabeba kwa viganja," alisema Mchopa.

"Na bila mimi mfereji wako ungetuletea sumu, kaka," akajibu Somoe. "Mtama wangu ndio umestawi kuliko yote. Hautapoteza hata tone."

Bi Nandonde alitazama shamba lake. Ardhi yake haijapona sawasawa, na mtama wake ni mfupi kuliko wa wenzake.

"Mimi nilishatoa, wanangu," alisema mwishowe. "Safari hii naomba."

Wameketi ukingoni mwa bwawa hadi sasa, wakitazamana, na jua linakunywa maji yale bila kumwomba mtu ruhusa.

Je, wewe ungeamua vipi? Sema upesi. Na ukishaamua, inuka uende ukawaambie wale wawili wengine kwa mdomo wako.