Kiboko Bibi Harusi na Somo Wake Pimbi

— Paukwa!
— Pakawa.
— Pakawa nini?
— Pakawa ngoma.
— Ngoma ya nani?
— Ya asiyejua kucheza.
— Na watazamaji?
— Wapo, wanapiga makofi.
— Haya, kaeni kitako. Anayetaka kukohoa akohoe sasa. Nikianza sitaki kelele.

Hapo kale kiangazi kilipiga mpaka mito ikabaki mchanga mtupu. Likasalia bwawa moja tu, na bwawa hilo mwenyewe alikuwa Kiboko. Nani alimpa? Hakuna aliyempa. Alijilaza kwenye njia pekee ya kushukia majini akasema ni lake, na kwa lile tumbo nani angebisha? Wanyama wakawa wanaomba maji kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani mchoyo.

Sasa Kiboko alikuwa na maji, alikuwa na majani, alikuwa na pa kulala. Mwenye vyote akikosa cha kutaka, hutaka sifa. Siku moja akazuka na neno kwamba anafufua ngoma ya kale.

Ngoma yenyewe iliitwa Harusi ya Mvua. Mababu waliicheza kila mwaka kabla ya masika. Bibi harusi ni Mvua, bwana harusi ni Radi, nao wanaimbiana mpaka wanaoana. Zamani Mvua alichezwa na Korongo, mwembamba, shingo laini, akipita unasema kweli huyu ni mwari. Radi alichezwa na Ndovu, akikanyaga ndu! moyo unakuruka. Vyura walipiga ngoma na kuitikia. Kila mtu alikuwa na lake la kufanya, ndiyo maana ilikuwa tamu.

Kiboko akawaita wote, akagawa sehemu.

"Mvua nitakuwa mimi," akasema. "Na Radi nitakuwa mimi."

"Na mimi, mzee?" akauliza Korongo.

"Wewe utanishangilia."

Vyura wakaambiwa wakae nyuma waitikie "mm", wasizidishe.

Ngoma ilikuwa ifunguliwe mwezi mpevu, wageni wa ng'ambo waje. Kabla ya hapo Kiboko akatangaza onyesho la kuonja, kama mpishi anavyoonja mchuzi kabla ya kupakua. "Njooni mtazame," akasema, "kisha kila mmoja aje mbele yangu aniambie ameonaje. Semeni kweli, msiogope, mimi napenda kujifunza. Atakayenifurahisha atakunywa maji." Semeni kweli, na atakayenifurahisha atakunywa. Mmewahi kuona mambo mawili hayo yakaiva chungu kimoja?

Miongoni mwa waliokuja alikuwemo Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, kijinyama kisicho na mkia, kinaishi mapangoni kwenye mawe, hata akikasirika hakuna anayeshtuka. Huko maweni alikuwa ameacha watoto wake, ndimi zimewakauka, na yule mdogo tangu alfajiri alikuwa ameacha hata kulia. Mtoto akilia una matumaini. Akinyamaza, mama hujua. Kwa hiyo Bi Pimbi hakuja kutazama ngoma. Alikuja kutafuta maji, na asingeyapata siku hiyo asingekuwa na wa kumpelekea.

Ngoma ikaanza. Kiboko akaingia uwanjani, mbwata, mbwata, mbwata, kichwani kajitia shada la mayungiyungi. Akaimba sauti nyembamba ya bibi harusi, "Radi wangu, waja lini?" Akajipindua upande wa pili, mbwata, akajijibu kwa sauti nzito, "Mvua wangu, naja leo." Akajipindua tena. "Wanipenda?" Akajipindua. "Nakupenda." Vyura nyuma, "mm." Alipofika katikati akashikwa na njaa, akala nusu ya shada. Kisha akaongeza wimbo aliotunga mwenyewe, wa kusifu ukoo wa viboko, mrefu huo, mpaka kivuli cha watazamaji kikahama.

Huku nyuma watu walinong'ona.

"Huu wimbo, au anakohoa?" akauliza Tumbili.

"Babu yangu alikuwa mcheza ngoma hii," akasema Nyati. "Angeiona leo angekufa mara ya pili."

Korongo akatazama miguu yake.

Bi Pimbi naye alimtazama Kiboko pale katikati, meno nje, jasho linamchuruzika, akasonya kimoyomoyo. Bibi harusi gani huyu, uso wazi, anamwita mume mwenyewe mbele ya kadamnasi? Huyu hakufundwa.

Ngoma ikaisha. Makofi yakalia, pa pa pa pa, na waliokuwa wakinong'ona ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Watazamaji ndivyo walivyo. Kiboko akajilaza pale penye njia yake, wakapanga mstari.

Wa kwanza alikuwa Kobe. Kobe alikuwa ameambiwa aseme kweli, akaamini.

"Umeonaje, Kobe?"

"Ndefu, mzee. Sauti haifai, na Mvua angeachiwa Korongo."

Kiboko akatabasamu, kwa maana anapenda kujifunza. Kisha akamsukuma kwa pua, Kobe akabingirika bingiri bingiri mpaka kwenye miiba. "Rudi kwenu na ulimi wako mkavu," akamwambia. "Sitaki kukuona majini. Anayefuata."

Akaja Nyati.

"Umeonaje, Nyati?"

"Nzuri, mzee."

"Nzuri tu?"

"Nzuri sana."

"Kunywa funda moja."

Akaja Twiga.

"Umeonaje, Twiga?"

"Mzee, tangu nizaliwe sijaona kama hii." Na hapo hakusema uongo.

"Kunywa mafunda mawili."

Akaja Tumbili.

"Umeonaje, Tumbili?"

"Nilisahau kupumua, mzee. Nilipokumbuka, nikajuta."

"Kunywa matatu."

Bi Pimbi akiwa mstarini akapiga hesabu yake. Hata akimsifu Kiboko mpaka mbingu ya saba, atapewa mafunda, na funda linaingia tumboni mwa anayekunywa, haliendi maweni kwa watoto. Akasogea mbele na kibuyu chake kitupu.

"Umeonaje, Pimbi?"

"Sijaona, mzee."

Kiboko akainua kichwa. "Hujaona nini? Si ulikaa mbele?"

"Kiboko nimemwona. Sauti ya Mvua nimeisikia, nayo imenikata maini. Lakini bibi harusi sijamwona, maana bibi harusi haonwi. Anafunikwa shela, anatulia, mpaka bwana harusi aje amfunue. Wewe ulikuwa uso wazi. Sisi ni watu wa nyumbani, tutakusitiri. Lakini wageni wa ng'ambo wakija watasema nini? Watasema sauti ni ya malaika, ila mwari hakufundwa."

Aibu ya wageni ilimwingia kuliko ukweli wa Kobe. "Mbona hawa wengine hawakuniambia?"

"Wanakuogopa, mzee. Na wewe huna somo. Mwari gani anaolewa bila somo wa kumwelekeza?"

"Basi nitafutie somo."

"Mabinti zangu wote niliwafunda mwenyewe na wote wametulia majumbani kwao," akasema Bi Pimbi. "Nifanyeje? Nitakusaidia."

Kiboko angeshtukia, angemkanyaga mara moja tu na watoto wake wangekuwa mayatima wa siku moja. Lakini sauti hakuiacha itetemeke. Somo hatetemeki mbele ya mwari.

"Njoo huku, mwanangu," akamwambia Kiboko. Mwanangu! Ukwato wa Kiboko ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Akamwongoza mpaka katikati ya uwanja, mbali na bwawa, pale palipoinuka na pasipo kivuli. Akawaagiza Tumbili na jamaa zake walete matete makavu wasuke shela. Wakasuka. Wakamvisha, likamfunika kichwa chote mpaka mabegani, likafungwa kamba chini ya kidevu.

"Sasa sikiliza mafundisho," akasema Bi Pimbi. "Bibi harusi hatazami."

"Hatazami," akaitikia Kiboko.

"Bibi harusi hasogei."

"Hasogei."

"Bibi harusi hajifunui. Anayejifunua mwenyewe huchekwa mpaka kaburini."

"Hajifunui."

"Vizuri. Imba, mwanangu, umngoje bwana harusi."

Kiboko akaanza kuimba ndani ya matete. Bi Pimbi akageuka, akawatazama watu, akaelekeza kidevu bwawani. Wakaduwaa. Wajinga wale waliendelea kusimama kwenye mstari wao, wakingoja kuulizwa wameonaje. Ikabidi awaonyeshe kidole, kisha akunje uso kwa hasira, ndipo walipoelewa. Wakashuka wanyata wanyata. Wakanywa.

Gu gu gu gu.

"Somo," akaita Kiboko, "nini hiyo gu gu gu?"

"Wanameza machozi, mwanangu. Wimbo umewaingia."

Kiboko akazidisha sauti. Ndovu naye akashindwa kujizuia, akajitupa mzima mzima, chubwi!

"Somo, na hiyo chubwi?"

"Ndovu amezimia kwa utamu. Wanampepea."

"Maskini. Nirudie ubeti wa kwanza?"

"Rudia, mwanangu. Rudia yote."

Yeye mwenyewe hakuweza kushuka. Somo akiondoka, mwari atauliza. Akabaki pale juani, koo limemkauka, anawasikia wenzake wanavyokunywa, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumuuliza, na wewe mwenzetu? Waliokuwa wakimsifu Kiboko kwa funda moja sasa walikuwa wanaoga. Bi Pimbi akamshika Tumbili mkono alipokuwa akipita na kumnong'oneza kwa ukali, "Nenda maweni. Walete wanangu. Mdogo mbebe. Ukichelewa namwambia mzee nani alisuka matete haya." Tumbili akatoka mbio, fyuu.

Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko haijazoea jua, mnajua. Ikaanza kukakamaa.

"Somo, naungua."

"Ndiyo joto la mwari hilo. Kila bibi harusi hulisikia."

"Somo, mgongo unapasuka."

"Vumilia. Mbona wanawake wenzako wanavumilia?"

Mara zikasikika sauti ndogo huko ukingoni, kwi, kwi, kwi, kisha kimya, kisha kilio cha mtoto aliyemwagiwa maji usoni akaamka. Bi Pimbi alikifahamu kilio kile. Akafumba macho, akashika kibuyu kwa mikono miwili.

"Somo, na hao wadogo ni nani?"

"Wapambe wako, mwanangu," akasema. "Wamefika salama."

"Basi na bwana harusi naye afike. Yuko wapi huyo Radi, anaweka watu juani hivi?" Kichwa kizito cha Kiboko kikafikiri, polepole, kama jiwe la kusagia. "Somo. Radi si ni mimi?"

"Ni wewe, mzee."

"Basi nani atanifunua?"

"Bwana harusi."

"Ambaye ni mimi."

"Ambaye ni wewe. Kamlete."

"Nitamleteje, nami bibi harusi hasogei?"

"Hapo sasa pananishinda hata mimi," akasema Bi Pimbi. "Ulipogawa sehemu hukunishauri. Ungempa Ndovu hata hii moja tu, sasa hivi ungekuwa umefunuliwa, umekaa kivulini."

Kiboko akakaa. Akaona aibu ya kujifunua. Akaona moto wa jua. Aibu, jua, aibu, jua. Mwisho akanguruma, akalirarua shela, prraa! Akasimama uso wazi katikati ya uwanja, na mbele yake wanyama wote wamelowa, wameshiba maji, matumbo yamewatuna.

Korongo ndiye aliyeanza. Yule mpole, asiyesema, akainua shingo akapiga kigelegele kirefu. "Bibi harusi kajifunua mwenyewe!"

Wakakidaka wote. Vyura walioambiwa waseme "mm" walipiga ngoma mpaka ngozi zikalia. "Kajifunua! Kajifunua! Hakungoja mume!" Watoto wa Pimbi walicheka hata wakaanguka. Kiboko akatafuta pa kuweka uso wake, akakosa. Akatimua mbio, mbwata mbwata mbwata, akajitosa bwawani, chubwi, akazama mpaka chini.

Yumo mpaka leo. Mchana kutwa hatoki. Hutoa macho na pua tu, achungulie kama watu wameshasahau, na ndege mmoja akilia tu hapo matetini anazama upya. Njia ya majini ikawa wazi. Bi Pimbi alishuka wa mwisho, akanywa, akajaza kibuyu, akamchukua mtoto wake mdogo mgongoni akapanda zake maweni, na hakuna aliyekumbuka kumwambia ahsante.

Hadithi imefika ukingoni, aliyesinzia imempita, na mimi sirudii kwa mtu.

Na funzo lake ni hili, lishikeni sana. Mkiitwa kutazama ngoma ya mkubwa, na mkubwa akauliza mmeonaje, semeni kweli tupu kama Kobe, maana kweli humwokoa mtu. Kobe alisema kweli akatupwa miibani. Alipojikwamua, akajikokota mpaka bwawani, akayanywa yale maji ya uongo wa Pimbi, akashiba, na hakutema hata tone.