Moto wa Kwanza Kilimani

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni juzijuzi tu, wakubwa waliufunga msitu wa Tirgoi wakasema ni wa tembo na watalii. Warina asali waliozaliwa humo wakafukuzwa. Loo! Mtu kwao, anaitwa mvamizi!

Wote waliondoka ila mwanamke mmoja, Tapkigen. Alijificha humo miaka ishirini na miwili, peke yake, akitunza mizinga ya marehemu baba yake. Moto hakuwasha hata siku moja, maana moshi ungemfichua. Na bila moshi hurini kitu, nyuki watakumaliza. Basi akawa anakula matunda na mizizi mibichi, kisha anaweka sikio kwenye mzinga, apate walau sauti ya kumliwaza. Upweke ulimtafuna, jamani. Hata kucheka alisahau.

Mdogo wake, Kobilo, alikwenda mahakamani. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mume akamkimbia, yeye hakuacha.

Ndugu yao wa kiume, Sigilai, akawa askari wa hifadhi. Aliamriwa kuichoma nyumba ya baba yao, akaichoma. Lakini kila alipoona nyayo za Tapkigen alizifuta, akaripoti kwamba hakuna mtu.

Mwaka wa ishirini na mbili Kobilo akashinda, msitu ukarudishwa. Sasa, kwa mila yao, watu wakirudi kwenye boma lililohamwa, moto wa kwanza huwashwa na mtu mmoja tu. Mizinga na kilima chote chenye boma hilo huwa vyake na vya wanawe. Wengine ni wageni wake.

Wakakutana watatu pale palipokuwa na nyumba ya baba. Kiberiti alikuwa nacho Kobilo.

"Msitu nimeurudisha mimi," akasema. "Bila mimi mngekuwa mnaomba kibali hata cha kuzika."

"Niliichoma nyumba, sikatai," akasema Sigilai. "Lakini Tapkigen, dada yangu, nyayo zako alizifuta nani? Ningetamka neno moja, ungeozea jela. Na kwa kuichoma, aliyeuzima moto wa meko ya baba ni mimi. Niacheni niuwashe."

Tapkigen hakuwa amezoea tena kuzungumza. Maneno yalimtoka mojamoja.

"Nimekaa na baridi ili mizinga isikose mwenyewe. Mtoto wa kumrithisha sina, najua. Lakini nataka watu waje waote moto kwangu."

Kobilo akalia sana, lakini kiberiti hakukiachia.

Haya, wenzangu, msinikodolee mimi macho. Je, nani alistahili kuuwasha?